Taya ya Asifiwe na Kamba za Ndani ya Seli

Mtoto wa miaka sita akikwambia jino lake linacheza, usicheke kwanza. Muulize ni lipi. Akikuonyesha la mbele, sawa, cheka naye, mwambie alirushe juu ya paa aombe jipya, kama tulivyofanya sote. Lakini akitia kidole mpaka nyuma ya shavu, kwenye magego, acha kucheka, mshike mkono, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Nalisema mapema kwa sababu nawajua vijana wa siku hizi: mnasoma mwanzo, halafu simu inalia. Hata mkiishia hapa mtakuwa mmepata kitu.

Mimi ni Mama Georgette. Watu wa Nyabiondo na vilima vya jirani walinijua kwa vidole vya buluu. Nilifanya kazi kwenye labo ya hospitali, maabara kama mnavyoandika kwenye vitabu vyenu, miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Nilitoboa vidole vya watu, nikapaka damu kwenye vipande vya kioo tunavyoviita lame, nikavitia rangi ya Giemsa, nikatafuta malaria. Rangi ile haitoki mikononi. Harusi ya mdogo wangu nilificha mikono chini ya kitenge tangu kanisani hadi mezani, na bado shangazi mmoja akaniuliza mbele ya watu kama nimepata ugonjwa wa kucha.

Aliyenifundisha ni Papa Zakaria, mzee mfupi wa Ngungu, mwepesi wa hasira, mwepesi zaidi wa kusamehe. Labo ilikuwa na mikroskopi moja tu, yenye kioo cha kunasia mwanga wa jua dirishani, na ole wako uguse lenzi na pindo la kitenge.

"Georgette! Ile kitenge imepita mu jikoni, imepita mu shamba, sasa unaipangusa mu jicho ya labo?"

Yeye alifutia kipande cha shati la pamba lililofuliwa mpaka likawa laini kama kitambaa cha mtoto mchanga. Mpaka leo ninacho kipande changu. Alinifundisha kuandika jina la mgonjwa kwenye lame kwa penseli, maana wino unaoga pamoja na rangi. Alinifundisha kutengeneza lame mbili za kila mgonjwa, moja ikiharibika nyingine ipo. Na kuhusu Giemsa alikuwa na neno lake: "Giemsa iko sawa na mama-mukwe. Ukimuharakisha, anakuonyesha mambo ya uongo."

Shida kubwa ilikuwa maji. Ukichanganya Giemsa na maji mabaya, kila kitu kinakuwa buluu nzito na huoni lolote la kuaminika. Tuliyatumia ya mvua, ya kisima, ya kuchemsha, kila aina na vituko vyake. Na vioo vilikuwa adimu, tukiviosha na kuvitumia tena mpaka vinakwaruzika. Kwa hiyo sheria ya Papa Zakaria ilikuwa fupi: lame ikiwa buluu kupita kiasi, ndoo. Unaitia kwenye ndoo ya sabuni, unaanza upya. Niliishika sheria hiyo maisha yangu yote ya kazi, na niliwafundisha wanafunzi wa staji, waliokuja kujifunza kazi kwetu, kwa ukali uleule, kwa maneno yaleyale, hata kwa kidole kilekile cha kuonyesha ndoo.

Sasa nije kwa Asifiwe.

Ilikuwa karibu na mwisho wa kazi yangu, nikisubiri barua ya pensheni. Mama yake alitoka upande wa Walikale, ndani kabisa, mahali ambapo pikipiki inafika tu kama mvua imekubali. Alitembea siku nzima na mtoto mgongoni, ndipo akapata moto, yaani pikipiki ya kukodi, ya kumfikisha kwetu. Asifiwe alikuwa na miaka sita, shavu la kushoto limevimba, macho makubwa ya kuchunguza kila kitu. Walikuwa kwenye benchi nje ya labo nilipotoka kumwaga maji.

"Meno yake inaanguka sana," mama yake akaniambia kwa fahari kidogo. "Tatu mu juma mbili. Yote tumeshatupa juu ya nyumba."

"Ee! Huyu anakimbilia ukubwa," nikasema, nikamfinya Asifiwe sikio, tukacheka watatu.

Sikuuliza ni meno gani. Jamani, sikuuliza! Ningeuliza, mama yule angeniambia kwamba yote matatu yalikuwa magego, na magego ya mtoto yanaanza kung'oka akiwa na miaka tisa, kumi. Hata mimi nililijua hilo. Nimelea watoto watano. Lakini kwetu jino la mtoto likitoka ni jambo la furaha, linakwenda juu ya paa, na mtu hapandi kulikagua.

Docta Riziki alikuwa amemwona asubuhi hiyo. Huyu ni binti wa Burungu, alisomea mbali akakubali kurudi, na tangu afike hakuna aliyepumzika. Alidhani kuna usaha, akachoma uvimbe kwa sindano. Usaha haukutoka. Yalitoka matone mawili ya maji yenye damu, akayapaka kwenye lame mbili, akaniletea, kisha akapanda gari la kwenda Goma kutafuta dawa za hospitali. Barabara ikafungwa nyuma yake. Ninyi mnajua barabara zetu zinavyofungwa na kwa nini, sina haja ya kueleza.

Nikatia rangi lame ya kwanza, nikaweka jicho.

Buluu. Buluu nzito, ya kutisha. Seli kubwa zimebanana, zote zinafanana, na ndani ya ile buluu vitobo vidogo vyeupe. Nyingine zilikuwa na kitu cheusi katikati kimevurugika, kama kimepasuka. Nikayalaani maji ya kisima. Nikatia lame kwenye ndoo. Kwenye rejista nikaandika: coloration mbaya, yaani rangi imeharibika, irudiwe. Lame ya pili niliiweka kwenye kisanduku bila kuitia rangi, maana ilikuwa saa ya kula, maharage yalikuwa yanapoa. Mama Asifiwe nilimwambia arudi baada ya majuma mawili, Docta atakuwepo. Muuguzi alimpa vidonge vya jipu la jino. Akanishukuru kwa mikono miwili, akaondoka.

Docta Riziki alirudi siku ya tisa, amechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Kabla ya kunawa uso aliulizia lame za yule mtoto. Nikamwonyesha rejista. Alichukua ile ya pili kwenye kisanduku, akaitia rangi mwenyewe kwa maji aliyokuja nayo kutoka Goma, maji mazuri kabisa, akaangalia muda mrefu. Kisha akaniachia kiti.

"Mama Georgette, angalia."

Nikaangalia. Ilikuwa ileile! Buluu ileile, vitobo vilevile, vile vitu vyeusi vilivyovurugika. Maji hayakuwa na kosa.

"Hii si uchafu," akasema taratibu. "Hii njo ugonjwa. Ni kansa ya taya, ya batoto. Na hii nyeusi unaona hapa katikati, ni seli iko inajigawanya. Hesabu."

Nikahesabu. Kwenye damu ya mtu, mimi naweza kuangalia lame asubuhi nzima nisione seli hata moja inayojigawanya. Hapa kila nilipogeuza jicho niliikuta, na nyingine, na nyingine. Docta akapiga picha kwa simu kupitia jicho la mikroskopi, akampelekea bingwa mmoja wa Goma, na jibu lilirudi kabla ya jioni, likisema vilevile.

"Hii kansa inaweza kuwa mara mbili mu siku mbili tu," Docta akaniambia. "Njo maana iko haraka."

Mimi nikawa napiga hesabu kichwani ya siku tisa, nikaacha, maana niliona naelekea kulia mbele ya wanafunzi. Tulimpigia simu mchungaji wa kijiji chao. Huko mtandao unashikwa kwenye kilima kimoja tu, ikabidi tusubiri apande. Mama Asifiwe akafika siku ya kumi na moja. Akamfunua mtoto kwenye kitenge. Shavu lilikuwa limejaa kama ngumi ya mwanaume, jicho la kushoto limesukumwa juu, mdomo haufungi. Mimi ndiye niliyemfinya sikio tukacheka.

"Docta anasema nini?" akaniuliza.

"Anataka kumuona muzuri zaidi," nikasema. Hilo tu ndilo nililosema. Mkumbuke kwamba nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale, na sikuusema.

Usiku wa kuamkia sindano ya kwanza ya dawa ya kansa Docta alikaa na mtoto, akimwekea maji mengi mshipani. Akanieleza sababu: seli nyingi zikifa kwa pamoja, figo zinaelemewa na takataka zake, na mtoto anaweza kufa kwa sababu dawa imefanya kazi. Hayo nayo sikuwahi kuyasikia. Asubuhi, tukisubiri chupa iishe, nikamuuliza hiyo dawa inafanya nini hasa. Mimi nimeangalia seli maisha yangu yote, nikazihesabu, nikaziandika, lakini nawaungamia: sikujua zinajigawanya kwa namna gani. Nilidhani zinakatika tu, kama ugali.

Docta akatoka nje, akakata kikonyo cha jani la mpapai, akanionyesha tundu lake.

"Mu seli kuko mirija kama hii, ila midogo sana. Seli ikitaka kujigawanya, inajenga hii mirija kama kamba, inafunga kila kromosomu, zile nyeusi uliona, upande mbili, inavuta. Nusu huku, nusu kule."

"Nani anaijenga?"

"Protini. Tofali yake ni protini, inaitwa tubulini. Inaelea mu seli yote, lakini yenyewe tu ni ngumu kuanza. Kuko protini zingine zinakusanyika kama pete, zinasema: anzia hapa. Kuko zingine zinashika mrija wa zamani zinaotesha mupya ubavuni, ili mirija ipate kuwa mingi haraka. Kuko za kurefusha, kuko za kubomoa. Mrija unakua, unabomoka, unakua tena, unapapasa mpaka ukamate kromosomu."

"Unapapasa? Haina macho?"

"Haina. Na kama kromosomu moja haijafungwa, kuko protini zingine zinakataza: hakuna kuvuta. Seli yote inangoja ile moja."

Wanangu, nilikaa chini. Nilikuwa na miaka karibu sitini. Ndani ya kidole hiki ninachokitumia kuokota mchele, kila saa kuna kamba zinajengwa na kubomolewa, kuna wasimamizi wanaosema anza na wanaosema ngoja, na hakuna aliyewahi kuniambia! Nikamuuliza ni nani anayewaambia hao wasimamizi. Docta akacheka, akasema wao pia wanaamriwa na protini nyingine, na kuna mengi ambayo hata mabingwa wakubwa bado wanayatafuta. Nikaona afadhali.

Ndipo akanieleza dawa. Zilikuwa dawa kadhaa, lakini moja ndiyo iliyonishangaza. Inaitwa vincristine, na kazi yake ni kuishika ile tubulini, tofali lenyewe, ili mirija isijengeke. Seli inafika katikati ya kujigawanya, haina kamba. Inangoja. Inangoja tena. Mwishowe inakufa palepale. Na dawa hiyo asili yake ni lile ua dogo la rangi ya waridi lenye petali tano, linalopandwa mbele ya nyumba na kando ya makaburi. Lile! Nyumbani kwangu liko mlangoni, hata mbuzi analiruka. Niliuliza mara tatu kama ananitania.

Nawaonya hapohapo, maana najua mikono yenu: msilichemshe. Msimpe mtu chai yake. Kati ya ua na ile chupa ndogo kuna viwanda na mizani, na kipimo ni kidogo mno. Hata hospitalini dawa ile inaingia mshipani tu. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, na mtu akikosea akaiingiza kwenye uti wa mgongo, mgonjwa anakufa. Nilimwona Docta akisoma jina la chupa kwa sauti, akampa muuguzi naye asome kwa sauti, ndipo akasukuma, jicho halitoki kwenye mkono wa mtoto mpaka tone la mwisho.

Siku ya tatu baada ya sindano ya kwanza niliingia kwenye chumba cha watoto nikadhani nimekosea kitanda. Jicho limerudi mahali pake. Siku ya tano mdomo ulifunga. Juma lilipokwisha, mashavu mawili yalilingana, na Asifiwe alikuwa anakula ndizi akinitazama kama mtu ninayemsumbua. Nimeishi, nimeona mengi, vingine sitaki kuviona tena, lakini sikuwahi kuona kitu cha namna ile kuyeyuka hivyo. Wauguzi walikuja mmojammoja kuangalia. Mama mmoja wa kitanda cha pili alianza wimbo wa kanisa, chumba chote kikaitikia.

Docta peke yake hakuimba. Alisema bado, sindano zote ni sita.

Baada ya sindano ya tatu Asifiwe alianza kujikwaa. Alinyanyua goti juu, akaubwaga mguu chini, pa, pa, kama bata. Docta alikuwa amelitarajia hilo. Neva ya kutoka mgongoni mpaka kidole cha mguu ni ndefu sana, akasema, na ndani yake inapitisha vitu kwenye mirija ileile, ya tubulini ileile. Dawa haichagui. Ila neva hupona polepole dawa ikiisha, na kipimo kitapunguzwa. Alimweleza Mama Asifiwe, lakini alikuwa na wagonjwa ishirini nyuma yake, alisema haraka, nusu Kifaransa. Mama yule aliitikia ndiyo, ndiyo. Ninyi mnaosomea kazi hii, mgonjwa akisema ndiyo mara mbili mfululizo, anza upya.

Jumapili watu walipotoka kanisani, kitanda kilikuwa kitupu. Hata mkeka haukuwepo. Sindano ya nne ilikuwa Jumatano.

Mchungaji hakupokea simu. Docta hakuweza kuacha hospitali. Nikasema nitakwenda mimi. Walinicheka, mama mzima mwenye magoti mabaya, juu ya pikipiki, upande wa Walikale, msimu wa mvua. Nilikwenda. Tulianguka mara mbili kwenye matope, dereva aliniomba msamaha mara mbili, kwenye kizuizi tukasubiri mpaka watu wenye bunduki wachoke kutuangalia. Sitasimulia zaidi, si hilo lililonipeleka.

Nilimkuta Mama Asifiwe akitwanga sombe, majani ya muhogo, mbele ya nyumba. Asifiwe alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha. Kwao mgeni hasemi neno kabla hajala, na mimi ni mtu wa heshima, nikala ugali wa muhogo na sombe. Kisha nikaanza. Nikachuma kikonyo cha mpapai. Nikaeleza mirija, tofali, wasimamizi. Nikaeleza kwamba dawa inakamata seli zilizokuwa zinajigawanya siku ile tu. Zile zilizokuwa zimelala hazihitaji kamba, kwa hiyo dawa inazipita. Zitaamka. Ndiyo maana sindano ni sita. Nilieleza vizuri, na nilijisikia kama profesa.

Akaendelea kutwanga.

"Mama Georgette, mutoto alipona. Angalia shavu yake. Kuko kitu unaona?"

"Hakuna kitu naona."

"Ee. Sasa munataka kumupiga masindano ya nini? Miguu yake inakufa. Aliingia kwenu anatembea, leo nikimutuma maji anaanguka. Hapa banasema munamulemaza. Mi sirudi."

Nikamtazama Asifiwe. Nilijua ninachokiona: mtoto mzuri, shavu laini, na ndani ya lile shavu seli chache zimelala. Labda ana majuma, labda pungufu. Maneno yangu yote ya profesa yalikuwa yamekwisha. Nikasikia mdomo wangu unasema peke yake.

"Mama Asifiwe, kuko jambo sikukuambia. Ile siku ya kwanza, ulipotoka kwa Docta, mi niliona ugonjwa ya mutoto wako. Niliiona na haya macho, mu mikroskopi. Nikasema ni uchafu ya maji. Nikaitupa mu ndoo, nikaenda kula maharage. Zile siku kumi na moja, zenye jicho lilitoka, ni mi nilizipoteza. Si Docta. Ni mi."

Mchi ukasimama.

"Ulijua?"

"Sikujua. Niliangalia nikasema hakuna kitu. Na leo we uko unaangalia, unasema hakuna kitu. Njo nimekuja. Mi nilishakosea ile kosa, najua inafananaka na nini."

Aliutupa mchi chini, ukabiringika mpaka miguuni pangu. Alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka na siwezi kuisahau. Kisha akambeba mtoto, akaingia ndani, akasukuma mlango. Nilisikia sauti yake na ya mama mkwe wake, juu, chini, juu tena. Mvua ikaanza. Dereva akanionyesha mawingu, akasema tusipoondoka sasa tutalala hapa. Nikamwambia aondoke kama anataka. Niliona nimeharibu kila kitu, kwamba kwa kujitua mzigo wangu nimemwua mtoto mara ya pili.

Mlango ulifunguka mvua ikiwa bado inanyesha. Mama Asifiwe alitoka na mtoto mgongoni, amemfunika kwa plastiki, furushi kichwani.

"Sijakusamehe, Mama Georgette," akasema. "Twende."

Dereva akanivuta mkono. Kumbe uprofesa wangu wote, na mpapai wake, haukumsogeza mama yule hata hatua moja. Tulikaa watatu nyuma ya dereva, mtoto katikati yetu, na njia nzima mama yake hakusema nami hata neno. Jumatano saa nne asubuhi Asifiwe alipata sindano ya nne, ya kipimo kilichopunguzwa. Kisha ya tano. Kisha ya sita. Siku zote hizo Mama Asifiwe alinisalimia kwa kichwa tu, alichukua majibu ya damu ya mwanawe kutoka mikononi mwangu, akapita. Nilikubali. Barua yangu ya pensheni ilikuja, nikaomba niongezewe miezi michache, nikasema labo haina mtu. Haikuwa kweli.

Kuna jambo moja bado linaniamsha. Docta aliniuliza, bila ukali, kama niliwahi kuona lame za namna ile kabla. Nikajibu sijui. Nilikuwa najua. Nilizikumbuka nyingine, buluu vilevile, vitobo vilevile, miaka ya Papa Zakaria na baada yake, zikiingia kwenye sabuni. Za watoto gani, sijui. Majina yaliandikwa kwa penseli, nayo penseli nilikuwa naisugua vizuri.

Baada ya miezi kadhaa Mama Asifiwe alimleta mtoto kupimwa tena. Sikujua kama wamefika. Nilikuwa labo, nimeinama kwenye mikroskopi, niliposikia vishindo kwenye baraza, haraka haraka, na beseni likagongwa likaanguka. Mnajua mtu akifanya kazi mahali pamoja maisha yake yote, kuna maneno yanayotoka bila ruhusa. Nikatoa kichwa dirishani, nikafoka:

"We mutoto! Hapa habakimbiake!"

Asifiwe akasimama ghafla, amekanyaga chini miguu yote miwili, kisigino na vidole. Mimi nikashika dirisha. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi, uso umelowa machozi, wala hakujipangusa.

"Muache, Mama Georgette," akasema. "Muache akimbie."

Nikafunga mdomo. Asifiwe alitutazama sote wawili, akaruka lile beseni, akaondoka mbio.